Mhuri Kando ya Herufi B

Kijitabu cha kibali cha kimataifa cha kuendesha gari ni cha karatasi, jalada la kijivu, urefu milimita 148 na upana 105, kama daftari la madeni la dukani. Nilikabidhiwa dirishani Kampala asubuhi ya mvua mwaka 2018, na nusura niondoke nacho kikiwa na kasoro.

Sisi wa Busia hatujazoea mambo ya kibali cha kimataifa. Ukivuka mpaka kuingia Kenya, pamiti yako ya Uganda, yaani leseni ya udereva, inatosha. Askari wa barabarani atakachodai zaidi ni kadi ya njano ya bima ya COMESA. Japani ndiko kuna habari nyingine. Tulikuwa tunakwenda kutazama magari yaliyotumika, mimi na binamu yangu wa Busia ya upande wa Kenya, mwaka uleule ambao Uganda ilianza kuyafungia mlango magari yenye umri wa zaidi ya miaka 15. Yadi nyingi ziko mbali na vituo vya treni, kwa hiyo gari la kukodi lingetuokolea siku nzima.

Japani hutambua kijitabu cha mkataba mmoja tu wa usafiri wa barabarani, ule wa Geneva wa tarehe 19 Septemba 1949. Uganda imo ndani yake. Kenya haimo, Kenya iko kwenye mkataba wa Vienna wa 1968, ambao Japani haikujiunga nao. Binamu alikuwa ameshalipia chake huko kwao kabla hatujalijua hilo. Watu wawili wa ukoo mmoja, nyumba zao hazifiki kilomita tano, mmoja ataendesha Japani na mwingine hataendesha. Tofauti nyingine ya mikataba hiyo ni muda. Cha 1949 kinadumu mwaka mmoja kuanzia siku ya kutolewa, cha 1968 kinaweza kufika miaka mitatu. Kwa hiyo usikichukue mapema ukidhani unajiwekea akiba: ukikitoa Januari na safari ni Novemba, umebakiwa na wiki chache tu.

Kabla ya kwenda dirishani ilinibidi nianze na pamiti yenyewe, maana ilikuwa imebakiza miezi miwili. Kijitabu hakisimami peke yake. Ni tafsiri ya pamiti iliyothibitishwa kwa mhuri, na pamiti ikifa nacho kimekufa, hata kama tarehe yake haijafika. Nikalipia benki kwa karatasi ya malipo ya URA, mamlaka ya mapato, nikapiga foleni, nikapata kadi mpya. Hapo ndipo nikapeleka kadi hiyo, nakala ya pasipoti na picha mbili. Hakuna mtihani. Mtihani ulishaisha siku ulipopata pamiti, na ndiyo maana mwenye leseni ya mwanafunzi hapewi.

Karani alikuwa mama wa makamo. Aliponisikia nikiongea na simu, akanijibu kwa Kiswahili safi cha mtu aliyekulia kambi ya jeshi. Akabandika picha kwa gundi, akagonga mhuri ukalala nusu juu ya picha na nusu juu ya karatasi (ukikosa kulala hivyo, mtu anaweza kubandua picha na kuweka yake), akanipa kalamu nitie saini. Akasukuma kijitabu chini ya kioo.

Nikakifungua kuanzia nyuma. Ukurasa wenye kazi ndio huo wa mwisho, ulioandikwa Kifaransa. Jina, mahali na tarehe ya kuzaliwa, makazi, kisha herufi tano, A hadi E, kila moja na nafasi yake ya mhuri. A ni pikipiki. B ni gari lisilozidi viti vinane ukiacha cha dereva, au la mizigo lisilozidi kilo 3,500. C ni lori la kupita uzito huo. D ni gari la abiria la zaidi ya viti vinane. E ni trela nzito. Kurasa nyingine za ndani zinarudia maneno hayohayo kwa lugha nyingine na hazigongwi kitu.

Mhuri ulikuwa kwenye D peke yake.

"Nnyabo," nikamwita kwa Kiganda, yaani mama, "hapa kwenye B hamna kitu."

"Lakini ssebo, pamiti yako ina daraja la abiria. Anayeendesha taksi ya watu 14 si anaendesha na gari dogo?"

Kwa akili ya kawaida yuko sawa, na nadhani makosa mengi hutokea hivyo. Ila kwenye kijitabu herufi hazibebani. Kila moja inasimama na mhuri wake, na mtu wa kukodisha magari hatafuti mantiki, anatafuta wino. Isitoshe, madaraja ya Uganda yana majina yake: CM na CH za mizigo zote zinaingia C, DL na DM za abiria zinaingia D. Karani ndiye anayezihamisha kwa mkono, na palipo na mkono pana kusahau. Nikamwonyesha kwenye kadi yangu B na DL zote mbili. Akacheka, akagonga B, akapuliza wino ukauke kabla ya kufunga, la sivyo ungejichapa ukurasa wa pili. Kuongeza mhuri ni rahisi. Lakini tarehe au jina likikosewa, kataa kufutiwa kwa kalamu, dai kijitabu kipya. Jina langu nililikagua mara mbili, maana pasipoti inatanguliza la ukoo na pamiti inalipanga kwa namna yake.

Siku hizi kuna matangazo mtandaoni ya "leseni ya kimataifa" ya plastiki, ya miaka kumi. Ni pesa ya kutupa. Na hata hiki halali hakina nguvu nyumbani: kinafaa nchi nyingine za mkataba, si ile iliyokitoa.

Yokohama, kijana wa kaunta alikifungua kuanzia nyuma, kama nilivyofanya mimi. Kidole kikashuka, A, kikasimama B. Akageuza jalada kuusoma mwaka wa mkataba, akaomba pasipoti na pamiti ya plastiki, akaviweka vitatu sambamba. Halafu akamgeukia binamu. Akakitazama kijitabu chake, akafungua orodha ya nchi, akaikagua kwa kidole kilekile, akainamisha kichwa na kukirudisha kwa mikono miwili.

Binamu akaketi kushoto akashika ramani. Kila tulipopotea, lawama ilikuwa yake.