Nilishakusamehe zamani

Siku ya tano leo na hayo maneno ya wifi hayajanitoka kichwani, nimepika nayo, nimefua nayo, jana maharagwe yameungua kwa sababu yake. Matokeo ya S4 (kidato cha nne) ya Brian yametoka amepita vizuri Mungu asifiwe, ukuta wa choo umeangushwa na mvua, lakini mimi bado niko pale pale mlangoni kwa wifi.

Kisa cha cherehani ya marehemu mama, ile wifi aliyoichukua, mnakijua, sirudii. Nilienda kwake tarehe 16 Februari, sikukuu ya Askofu Mkuu Luwum wa Uganda, na mchungaji akatuhubiria habari za Askofu Festo Kivengere, kwamba Luwum alipouawa 1977 na utawala wa Rais Idi Amin, Kivengere na mkewe walitoroka nchi usiku, na huko huko ugenini akasema amemsamehe Amin. Na Amin hakuwa ameomba! Hapo ndo nikaguswa. Nikatoka kanisani nikapanda boda moja kwa moja, na sukari kilo mbili mkononi.

Nikamwambia, "Wifi, nimekuja kukuambia nimekusamehe."

Alikuwa anachambua mchele, wala hakuinua kichwa. "Karibu kiti wifi. Mimi nilishakusamehe zamani."

Mimi? Anisamehe mimi nini? Cherehani nimechukua mimi? Chai nilikunywa haraka haraka nikaondoka, usiku nikamwambia Baba Brian huyo mwanamke ana kiburi.

Halafu juzi nikiwa nafua, matanga ya mama yakanirudia. Jikoni pale, mbele ya watu, nilisema mtu asiyezaa cherehani ya nini, atamshonea nani. Wakacheka. Na yeye alikuwa amesimama mlangoni na sufuria ya maji. Miaka mitatu hilo neno sijalikumbuka hata siku moja, mwenzangu amelala nalo, akalisamehe peke yake bila mimi kuomba, halafu mimi ndo nafika na sukari.

Walokole wazee wa kwetu walikuwa wanasimama mbele ya ndugu wanataja dhambi kwa jina lake, sio hii yetu ya "kama nilikukosea". Kwa hiyo Jumamosi narudi, na hilo neno nitalitamka vile vile nilivyolisema, hata likinikwama kooni. Cherehani bado inaniuma, siwadanganyi.

Baba Brian anakohoa, usiku wa tatu huu, na kliniki amekataa kata kata.