Sumaku juu ya runinga ya kichogo: kumbukumbu ya mradi

Mradi wangu wa kurudia majaribio ya Nam June Paik, mwanzilishi wa sanaa ya video, kwa vifaa vinavyopatikana hapa Mtwara umefika hatua ya sumaku. Paik, aliyezaliwa Seoul mwaka 1932, alisomea muziki Tokyo kabla ya kuhamia Ujerumani, na kwa maoni yangu kazi yake yote inaelezwa na jambo hilo: aliichukulia runinga kuwa ala ya kupigwa. Katika maonyesho yake ya Wuppertal mwaka 1963 alipanga piano pamoja na runinga alizokuwa amezivuruga mitambo, na mwaka 1965 akaweka sumaku kubwa juu ya runinga ya nyeusi na nyeupe, picha ikajikunja.

Runinga yangu, niliyoinunua kwa fundi mmoja wa Chikongola aliyeshangaa kwamba bado kuna mteja wa kichogo, nayo ni ya nyeusi na nyeupe. Nilisisitiza iwe hivyo kwa sababu runinga ya rangi ina bati lenye matundu nyuma ya kioo, ambalo hushika usumaku na kuacha madoa ya zambarau na kijani. Picha inatoka kwenye deki ya kanda, yenye tundu la kutolea mawimbi ya antena. Bila hiyo ningeambulia chenga tupu.

Nilicheza kanda ya sindimba, kisha nikasogeza sumaku ya spika taratibu ubavuni mwa runinga. Bega la mpiga ngoma wa kushoto lilivutika hadi likawa upinde mwembamba, ilhali mwenzake wa kulia hakuguswa kabisa, kwa kuwa sumaku hupinda mkondo wa elektroni unaochora picha kwenye kioo pale tu nguvu yake inapofika. Ili kurekodi bila mstari mweusi kupanda na kushuka, niliweka simu kwenye picha 25 kwa sekunde, sawa na runinga yenyewe.

Paik alisaidiwa na mhandisi Mjapani, Shuya Abe, ambaye mwaka 1969 walianza kuunda naye mtambo wa kuchanganya na kupaka rangi picha za video. Mimi nina fundi wangu, na ni yeye pekee anayefungua mfuniko wa nyuma, kwani kioo huhifadhi umeme mkali hata baada ya kuchomoa waya. Hatua inayofuata ni kuzungushia koili ya waya kwenye shingo ya kioo, ile sehemu nyembamba ya nyuma, na kuiunganisha na amplifaya, ili mdundo wa sindimba wenyewe uipinde picha.