Jumamosi ya kocha wa watoto, Mbeya

Saa 11 alfajiri. Baridi ya Julai huku kwetu haina adabu. Najaza mipira upepo kwa pampu ya baiskeli, vidole vimekufa ganzi. Ukisema "kocha", watu wanawaza Uwanja wa Sokoine na kamera. Mimi ni kiroba cha mipira na koni nilizokata kwenye madumu ya mafuta.

Saa 2 madogo wa miaka 6 hadi 8 wameshafika Ilomba, masweta juu ya jezi. "Shikamoo kocha!" Kila mtoto mpira wake, saizi namba 3, ile ndogo, hakuna kupanga foleni. Tunacheza kunyang'anyana mikia ya vitambaa huku mpira uko mguuni, halafu nne kwa nne bila kipa.

Saa 3 na ushee baba mmoja akatia timu.

"Kocha, mbona unawachezesha tu? Raundi lini? Sisi tulikimbizwa mpaka tunatapika!"

"Mzee wangu, mwanao ana miaka 7."

"Ndiyo aanze mapema! Na vichwa hapigi."

Nikamwambia Marekani walishazuia vichwa kwa watoto wa miaka 10 kushuka chini, tangu 2016. Akacheka. "Hao wanajua mpira?" Hapo, nakiri, alinipata kidogo. Nikamweleza kwamba pumzi na mbinu za namba, yaani nani acheze nafasi gani, vina umri wake. Sasa hivi mtoto anazoeana na mpira. Analipa ada, akasema, hajamleta kucheza kombolela. Akahamia kwenye mstari: "Butua! Butua mbele!"

Mwanawe alikuwa ameanza kuuvuta mpira kwa wayo, taratibu, ulimi nje, kitu tulichohangaika nacho wiki tatu. Kusikia sauti ile akamtazama baba yake, kisha akaubutua hadi kwenye viazi vya mama jirani. Baba akapiga makofi.

Nilimeza mate.

Wa miaka 10 hadi 12 wakaja na kuondoka, mpira namba 4, saba kwa saba. Chai sikunywa. Jioni wale wa 13 na kuendelea, hao ndio nawakimbiza na kuwapanga namba. Vumbi, sauti imekauka, sikumbuki tulimaliza saa ngapi.

Nyumbani nahesabu mipira. Mmoja haupo, namba 3. Upo kwenye viazi, na yule mama alishaapa: ukiingia tena anautoboa. Kesho naenda na shikamoo mbili.