Kasa wa Mida na Nauli ya Malindi

Februari 2017, kaskazi ikiwa bado imeshika na maji yamekaa safi hadi samaki unawaona wakipita chini ya ngalawa, nilikwenda Watamu kukaa kwa ami yangu, mvuvi wa miaka mingi. Uzuri wa ule ufuo sina haja ya kuupamba. Mchanga ni mweupe na laini, na majabali ya matumbawe yamesimama baharini mfano wa uyoga. Maji yakipwa unayafikia kwa miguu. Eneo lile lilifanywa hifadhi ya bahari mwaka 1968, pamoja na lile la Malindi, na ndani ya mipaka yake havuliwi kitu. Kwa hiyo ami alikuwa akitega upande wa hori ya Mida, karibu na mikoko.

Asubuhi moja alirudi mapema kuliko kawaida akaniita kutoka nje. "Njoo uone, mwanangu. Leo tuna mgeni."

Jarife lilikuwa limenasa kasa mchanga, mzito wa kubebwa na watu wawili. Walikuwa wamemlaza kivulini na kumfunika gunia lililoloweshwa maji ya bahari. Ami alikwisha kupiga simu kwa watu wa kuhifadhi kasa. Mradi wao ulianza Watamu mwaka 1997, na mvuvi akinasa kasa anawaita, wanakuja kumchukua, kisha wanampa pesa kidogo kwa ajili ya muda wake na nyavu zilizochanika. Ami hakuona haya kunieleza kwamba utotoni kwake kasa akiingia wavuni alikuwa kitoweo, na mafuta yake yaliuzwa kama dawa. Sheria sasa ni kali, lakini nionavyo mimi kilichowageuza wavuvi wengi ni ile simu inayopokelewa na gari linalofika kweli.

Aliyemtoa kasa wavuni alikuwa binamu yangu, mtoto wa shangazi. Kono la mbele lilikuwa limejisokota kwenye nyuzi, naye akazifungua moja moja kwa vidole, akikataa kisu kisije kikamgusa ngozi. Hata hivyo jasho lilikuwa linamtoka na pua inachuruzika, na hapakuwa na joto la kumfanya mtu atoke jasho namna ile. Ami alinitazama, nikaelewa. Ilikuwa arosto, ule ugonjwa wa mtu aliyekosa dawa ya kulevya aliyoizoea.

Binamu huyu nilimjua akiwa kijana anayepeleka wageni kwenye matumbawe kwa mashua ya kioo. Kitaliano alikuwa akikisema kama mtu aliyezaliwa nacho, maana wageni wengi wa huko ni Waitaliano. Kila kasa anapopenda kulia majani alipajua. Unga, yaani heroini, aliujulia hapo hapo ufuoni, kati ya msimu mmoja wa wageni na mwingine, kipindi ambacho vijana wanashinda wamekaa bila kazi na wauzaji wa kete wanajua wapi pa kuwapata. Jirani zake waliacha kumwita kwa jina, wakamwita teja.

Gari lilifika. Yule kasa akapimwa uzito, gamba likapimwa kwa utepe, akakaguliwa uvimbe, maana kasa hupata ugonjwa wa vivimbe, kisha akavishwa kibati chenye namba. Alikuwa mzima, hivyo tukapelekwa naye hadi ufuo wa ndani ya hifadhi ili aachiwe huko.

Njia ya kushukia pale ni kichochoro kati ya kuta mbili za hoteli. Askari aliwapitisha wenye kasa, akanipitisha na mimi, kisha akamwekea binamu yangu rungu mbele ya kifua. "Wewe rudi. Wewe tunakujua." Ami aligeuka. "Huyu ndiye aliyemtoa wavuni. Asiposhuka yeye, na mimi sishuki." Walisimama hivyo kwa muda, hadi dada mmoja wa mradi aliporudi na kumwomba askari, kwa adabu, ampishe. Wageni walishakusanyika na simu zao. Kasa alipoyagusa maji walipiga makofi, nami nilipiga, kwa sababu ni furaha ya kweli kumwona akishika njia yake. Binamu yangu alikuwa amekaa pembeni amejikunyata, anatetemeka.

Jioni nilimuuliza kuhusu methadoni, dawa ya kuwatibu walionaswa na unga, kwa kuwa nilijua kliniki ilikuwa imefunguliwa Malindi mwaka 2015. Alikuwa ameisikia. "Ile dawa hupewi ubebe nyumbani," akaniambia. "Unainywa mbele yao, kila siku, Jumapili na Idi. Kila siku nauli ya kwenda na kurudi naitoa wapi?" Sikuwa na jibu. Mchana ule nilikuwa nimeona gari likimfuata kasa mpaka mlangoni, na nilifurahi lilikuja. Lakini kijana yule, mgonjwa na anayetaka dawa, alitakiwa kujipeleka mwenyewe hadi Malindi kila kukicha. Jambo hilo liliniuma na bado linaniuma.

Ami alichukua pesa aliyopewa kwa ajili ya wavu. Hakumpa binamu mkononi. Kesho yake walipanda matatu pamoja, na kesho kutwa vile vile.

Binamu alidumu mpaka kusi. Mwezi wa Juni bahari ilichafuka, ngalawa zikalazwa mchangani, na nyumbani ikawa kutafuta chakula kwanza. Nauli ikakosekana, siku moja, mbili, mwisho juma zima. Aliporudi kliniki alianzishwa upya na dozi ndogo, kwani aliyekatiza siku nyingi hawezi kupewa kipimo kile kile bila hatari. Ami aliponipigia kunieleza, niliomba namba ya dereva wa matatu anayemfahamu pale steji. Nikamtumia nauli ya mwezi mzima kwa M-Pesa, naye akakubali kumbeba kila asubuhi na kumrudisha.