Mlango wa tatu katika jimu yetu ya Kirumba

Jimu ninayoisimamia Kirumba, jijini Mwanza, si mbali na soko la samaki la Mwaloni, ilijengwa na vyumba viwili vya kubadilishia nguo, kimoja kimeandikwa ME na kingine KE, na kwa miaka sita sikuwahi kufikiri kwamba herufi hizo zingeninyima usingizi. Mwaka jana alijiandikisha kijana mwenye ndevu na sauti nzito, ambaye kitambulisho chake cha taifa kilionesha KE. Dada wa mapokezi aliniletea fomu akiwa ameifunika kwa kiganja, jambo ninalomshukuru hadi leo, kwa kuwa kwetu habari ya namna hiyo ikivuja huweza kumtoa mtu kwenye nyumba aliyopanga.

Sikumhoji. Kilichonisumbua nilikiona baada ya wiki mbili: alikuja amekwisha kuvaa nguo za mazoezi, aliondoka na jasho lake kwenda kupanda daladala ya Buhongwa, na kwa saa nzima ya kunyanyua vyuma, kwenye joto la saa tisa alasiri, hakugusa maji. Nilipompa chupa alinijibu kwa upole, "Nikinywa, bosi, nitahitaji choo." Angeingia KE, akina mama wangeshtuka kuona mwanamume, angeingia ME, bafu zetu zilikuwa na mapazia tu, tena mengine yamechanika.

Tulikuwa na stoo ya ndoo na mafagio ambayo tayari ilikuwa na bomba, hivyo fundi alitumia siku nne kuweka choo, bafu na mlango unaofika hadi juu, wenye komeo la ndani. Kosa langu lilikuwa kumwambia kijana kwamba chumba hicho ni chake. Aliniuliza kama nitaandika na jina lake mlangoni, nikakosa jibu. Basi nikabandika maneno "Mtu mmoja mmoja", bila ME wala KE, na kuwatangazia wanachama wote kwamba atakaye faragha akitumie.

Mama mmoja muuza dagaa, anayefanya mazoezi kwa ajili ya presha, alinijia na hofu ambayo sikuipuuza. Alikuwa amesikia kwamba Mahakama ya Juu ya Uingereza iliamua, Aprili 2025, kuwa neno mwanamke katika Sheria ya Usawa ya 2010 linafuata jinsia ya kibaiolojia, akataka kujua kama chumba cha KE bado ni chao. Nilimhakikishia kwamba hakijaguswa, kisha nikamsimulia habari za North Carolina, Marekani, ambako sheria ya 2016 iliwataka watu watumie vyoo vya shule na majengo ya serikali kwa kufuata cheti cha kuzaliwa, hata kama aliyeandikwa mwanamke ana ndevu, hadi sharti hilo lilipofutwa mwaka uliofuata.

"Makubwa! Mwenye ndevu aingie kwetu?" aliguna, na tukaachia hapo.

Siku hizi wanaokitumia zaidi ni akina mama wenye watoto wadogo wa kiume, na Jumamosi foleni hufika kwenye mashine za kukimbilia. Jumamosi iliyopita kijana alikuwa wa pili, chupa yake ya maji imebaki nusu, na mbele yake mama wa dagaa alikuwa akigonga mlango na kumwambia aliyeko ndani kwamba ameacha dagaa juani na mvua inakuja.