Kilima cha Isamilo hakionekani kwenye video, ndo maana naweka namba

Kila anaeendesha baiskeli Mwanza na kamera mbele yake analijua hili hata kama hajawahi kulisema. Unapanda Isamilo umeinamia usukani, gia nyepesi zimeisha, jasho linaingia machoni, pumzi unazisikia mpaka masikioni, halafu ukirudi nyumbani ukafungua video barabara imelala flati kabisa na we unaonekana kama mtu aliyetoka matembezi ya jioni. Inauma aisee. Sababu ni lenzi, hizi kamera ndogo zina lenzi pana sana, kilicho karibu zinakivuta na kilicho mbele zinakisukuma mbali, kwahiyo mwinuko wote unapotea. Ukiongeza na ile ya kutuliza picha (GoPro, wanaotengeneza hizi kamera ndogo, waliita HyperSmooth, ilianza na kamera yao ya HERO7 Black mwaka 2018) hata kule kuyumba kwa baiskeli unapokanyaga kwa kusimama kunafutwa, video inakuwa laini mno mpaka kazi haionekani.

Sasa mi ndo maana naamini kwenye kuweka data juu ya video. Sio kwa ajili ya urembo. Namba inarudisha kile ambacho lenzi imekiondoa, mtu akiona mwinuko umefika asilimia 11 na mapigo ya moyo yako 170 na kitu anaelewa kwanini spidi ni kilomita 8 kwa saa, hata kama barabara anaiona flati.

Ila sikubaliani kabisa na wale wanaojaza skrini nzima. Spidi, kadensi (pedali zinazunguka mara ngapi kwa dakika), wati (nguvu unayokanyagia), joto, dira, ramani, grafu ya mwinuko, vyote kwa pamoja, na watu wengi bongo wanaangalia kwenye simu, sa ziwa lenyewe utaliona wapi? Mi kwenye kupanda naweka mwinuko na mapigo tu, kwenye kushuka naweka spidi peke yake, na pale Capri Point jua linapozama naondoa kila kitu. Namba ikae pale ina jambo la kusema, isipokuwa nalo itoke.

Data zinatoka wapi? Kama una GoPro angalia kwanza ni ipi, maana hapa watu wanauziwa za mtumba bila kujua. HERO5 Black mpaka HERO11 Black zina GPS ndani yake na spidi na njia vinahifadhiwa humohumo kwenye faili la video. HERO12 Black ya 2023 waliitoa GPS, ikarudi kwenye HERO13 Black mwaka 2024. Kwahiyo mtu ana 12 mpya kabisa anahangaika kutafuta spidi ambayo haipo, na mwenye 9 ya mtumba anayo. Lakini hata bila GPS ya kamera hujakwama, simu yako mfukoni ikirekodi na Strava (apu ya kurekodi mazoezi) inakupa faili la GPX, yaani rekodi ya njia na muda wake, kompyuta ya baiskeli (kile kifaa kidogo cha kwenye usukani) inakupa FIT, faili la kazi hiyohiyo, na mapigo ya moyo kamera haiwezi kuyajua yenyewe, yanatoka kwenye mkanda wa kifua kwenda kwenye simu au kompyuta. Halafu unaziunganisha kwenye programu kama Telemetry Overlay (ya kulipia hiyo), na wenye kamera za Insta360 wanaweza kuingiza GPX kwenye apu ya kamera yenyewe.

Kazi kubwa iko kwenye kuoanisha muda, na hapa ndo nataka watu wakae watulie. Ukienda kilomita 36 kwa saa unakula mita 10 kila sekunde, kwahiyo data ikichelewa sekunde 2 tu umekosea mita 20, namba inaonyesha unafunga breki wakati kona ushaimaliza zamani, na mtazamaji hata kama hajui tatizo ni nini anahisi kuna kitu hakiko sawa na anaacha kuziamini namba zako zote. Bora usiweke kabisa kuliko kuweka iliyochelewa.

Njia ninayoitumia ni hii. Kabla sijaanza kukanyaga nawasha kamera na kuielekeza kwenye skrini ya kompyuta ya baiskeli au simu, mahali saa inapoonyesha mpaka sekunde, naiacha pale mpaka niione sekunde inabadilika. Nikikaa kuediti natafuta fremu ileile ambayo sekunde imegeuka, hapo najua kamera na faili vinapishana kwa kiasi gani. Halafu nahakikisha kwenye tuta, ukifika tuta spidi inashuka chini ghafla na kwenye video tairi la mbele linanyanyuka, vile viwili lazima vikutane. Matuta Mwanza hayajawahi kukosekana.

Na msichanganyikiwe na masaa. GPX inaandika muda wa UTC, ule wa kimataifa, ambao uko nyuma yetu masaa 3, na sisi saa zetu tunahesabu kivyetu, kwahiyo ukitoka nyumbani saa 12 na dakika 40 asubuhi kamera itaandika 06:40 na faili litaandika 03:40, ni muda uleule mmoja, usifute faili ukidhani limeharibika. Kitu kingine, kama kompyuta yako ina chaguo la kurekodi kila sekunde iweke hapo, zile za kurekodi pale tu inapoona kuna mabadiliko zinaacha mapengo na namba inaruka kwenye video.

Mwinuko nao una mambo yake. GPS kwenye urefu wa kwenda juu inakosea kuliko kwenye kwenda mbele, na asilimia ya mwinuko ni hesabu ya kupanda mita ngapi ndani ya umbali gani, mita 8 ndani ya mita 100 ni asilimia 8, sa kama urefu unaruka mita 3 juu mita 2 chini ukiwa umesimama, hiyo asilimia itaruka vibaya sana. Kifaa chenye baromita kinapima kwa mgandamizo wa hewa na kinatulia zaidi, ila hali ya hewa ikibadilika nacho kinateleza taratibu. Sisi wa huku tuna bahati moja ambayo wenzetu wengi hawana, tuna ziwa! Uso wa Ziwa Victoria uko kama mita 1,134 au 1,135 juu ya usawa wa bahari, unapanda na kushuka kidogo kulingana na mvua za mwaka. Mi naanzia pale karibu na kivuko cha Kamanga, nasimama pembeni ya maji, naweka kifaa kwenye hiyo namba, naenda zangu Isamilo na Bugando na Bwiru, nikirudi majini naangalia kinasema ngapi. Kikisema 1,150 najua kimeteleza njiani na nasahihisha faili kabla ya kuligusa lile la video.

Kamera naifunga kifuani, mikono na usukani vionekane, ikiwa kichwani kila kitu kinazidi kuwa flati. Ukiwa umeinama kifua kinaangalia chini, kwahiyo iinue zaidi ya unavyodhani. Maiki ifunike na sponji, upepo wa ziwani hauna huruma, na lenzi futa kila ukisimama maana kuna siku wale wadudu wadogo wa ziwani wanagandamana pale mpaka huoni kitu.

Ukipita Mwaloni Kirumba omba kwanza. Pale watu wapo kazini. Mi nasema shikamoo mama, narekodi barabara, naomba nipite, na mama mmoja wa dagaa akaniambia "marahaba mwanangu, pita tu ila sura yangu usinichukue", nikaigeuza kamera ikaangalia chini mpaka nikatoka getini. Na kwenye faili la GPX kata kilomita ya mwanzo na ya mwisho kabla hujaweka ramani kwenye video, vinginevyo umewaonyesha watu wote unalaza wapi baiskeli yako.

Kinachofuata nataka nirekodi Usagara mpaka Kigongo, kule lilipo daraja jipya lililofunguliwa Juni 2025. Ukikaribia maji upepo unakukuta uso kwa uso, na upepo hauna namba yake kwenye vifaa vyangu, ila barabara ikiwa flati, spidi ikishuka huku mapigo yanapanda, mtazamaji atauona tu. Hapo nitaweka zote mbili pamoja. Wadau wenye mkanda wa kifua tutoke wote, kila mtu arekodi faili lake nijaribu kuyaweka mapigo ya wawili kwenye video moja.