Bega langu na sukari yangu

Nikinyanyua mikono kwa takbira, wa kulia unafika sikioni, wa kushoto unaishia kifuani. Barazani kwetu Mkomani kila mtu ana jibu: baridi yabisi, upepo wa kusi, uzee, jicho la watu. Na kila mwenye jibu ana mafuta yake ya kuchua. Mengine, wallahi, yananuka papa.

Daktari wala hakuanza na bega. Alitaka nikutanishe viganja kifuani, vidole vikielekea juu. Ncha ziligusana, lakini katikati ukabaki mwanya wa kupitisha kalamu. Hapo akauliza sukari yangu ikoje. Mimi ni mshona kofia. Vidole vikikakamaa nilikuwa nikilaumu sindano.

Sukari ikikaa juu kwa muda mrefu, hunata kwenye kolajeni, ile protini inayojenga kano na ule utando unaozunguka kiungo. Utando hukauka mithili ya kamba iliyomwagikiwa shira ya kaimati. Ndiyo maana kuganda bega huwaandama zaidi wenye kisukari, na kulegea kwake huweza kuchukua mwaka 1 hadi 3. Subira hiyo sina, ila sikuulizwa.

Kolesteroli nayo haikosi mlangoni. Yeye, sukari na kitambi ni majirani wa ukuta mmoja, na mafuta ya tumboni hutoa kemikali zinazochochea uvimbe hadi kwenye vidole, ambavyo havibebi uzito wowote. Gauti, ule ugonjwa wa viungo kuvimba na kuuma ghafla, nayo hupenda mwili huohuo. Basi tui la kwanza siku hizi ni la wageni. Mimi napikiwa la pili, jepesi, na wali nahesabiwa vijiko.

Wenzangu wa sukari, sikilizeni hili. Sindano ya bega ya steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe, hupandisha sukari kwa siku kadhaa, kwa hiyo pimeni mara kwa mara mkidungwa. Zile dawa za maumivu, diklofenaki, za kununua bila kuuliza, figo za mwenye sukari ndizo zinazolipa. Na kidonge cha kolesteroli kikikuletea maumivu ya misuli, mwambie daktari kabla hujakiacha.

Zoezi nililopewa ni kupandisha vidole ukutani kidogokidogo, asubuhi na jioni. Wajukuu wanatia alama ya mkaa pale nilipofika, na bibi yao hajatusamehe kwa chokaa yake mpya.